Bakteria Wanaojisimamia Maabara: Nini Hasa Kinaendelea

Tangu Oktoba 2022, serikali ya Kenya ilipoondoa marufuku ya vyakula vya GMO iliyokuwapo tangu 2012, mjadala wa viumbe waliobadilishwa jeni umetoka maofisini ukaingia kwenye matatu, misikitini, makanisani na kwenye makundi ya WhatsApp. Katika mjadala huo kila kitu kimetiwa chungu kimoja: mahindi, pamba, chanjo, dawa, na sasa pia maneno kwamba wanasayansi "wameunda bakteria wanaofanya kazi za maabara bila binadamu". Hili la mwisho linawachanganya watu sana. Wapo wanaodhani ni roboti wadogo waliopewa akili. Wapo wanaoamini ni silaha. Na wapo wanaolipuuza wakisema hayo ni mambo ya Wazungu, hayatuhusu. Hawa wa mwisho ndio wanaonisikitisha zaidi, maana bakteria hawa wanaweza kuwafaa watu wenye maabara zisizo na mashine nyingi, yaani sisi.

Tuanze na majina ya vitu. Bakteria ni kiumbe hai cha seli moja, mdogo kiasi kwamba hutamwona bila hadubini. Anayetumika zaidi maabara anaitwa E. coli, jina lililotokana na daktari Theodor Escherich aliyemweleza mwaka 1885. Anaishi matumboni mwetu. Aina zake nyingi hazina madhara, chache huleta kuhara kubaya. Akipata chakula cha kutosha na joto la nyuzi 37, hugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi. Piga hesabu: mmoja akianza saa mbili asubuhi, ikifika saa kumi jioni wanaweza kuwa zaidi ya milioni 16. Kwa mtu anayetafuta wafanyakazi wengi, wa bei ndogo, hakuna kiumbe rahisi kuliko huyu.

Jeni ni kipande cha DNA, ule uzi wa urithi ulio ndani ya seli, chenye maagizo ya kutengeneza protini fulani, na protini ndizo zinazofanya karibu kazi zote ndani ya seli: kusaga sukari, kujenga ukuta, kunakili DNA yenyewe. Protini zinazoharakisha kazi za kikemia tunaziita vimeng'enya. E. coli ana jeni zaidi ya 4,000, lakini hazisomwi zote kwa wakati mmoja. Nyingine zimefungwa mpaka zihitajike.

Uhandisi jeni ni kuchukua jeni kutoka kwa kiumbe mmoja na kuiweka ndani ya mwingine. Stanley Cohen na Herbert Boyer walionyesha mwaka 1973 kwamba inawezekana kwa bakteria. Mwaka 1978 E. coli alitengenezewa uwezo wa kutoa insulini ya binadamu, na mwaka 1982 insulini hiyo ikaidhinishwa Marekani. Kabla ya hapo, mgonjwa wa kisukari alitegemea insulini iliyokamuliwa kutoka kongosho za nguruwe na ng'ombe. Baiolojia ya usanisi imepiga hatua zaidi. Haiishii kuongeza jeni moja; inapanga jeni kadhaa zinazoamuriana, ili bakteria ajue lini aanze kazi, lini aache, na kwa ishara gani.

Nimeandika "ajue", na papo hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia.

Boya la tenki

Wengi wetu tuna tenki la maji juu ya paa au juu ya mnara wa vyuma. Ndani yake kuna boya. Maji yakishuka, boya linashuka na valvu inafunguka. Yakijaa, boya linapanda na valvu inafunga. Hakuna mtu anayepanda ngazi kuchungulia. Boya halihesabu lita wala halina nia yoyote. Limeunganishwa na valvu kwa namna ambayo hali ya maji yenyewe inaamua kitakachotokea.

Bakteria anayejisimamia maabara ni kitu cha aina hiyo hiyo. Anachofanyiwa ni kuunganishiwa hali fulani, mathalani sukari kuisha, na kitendo fulani, mathalani kutengeneza protini. Hana programu ya kompyuta, hana chipu, wala haamriwi kutoka mbali kwa mawimbi ya simu.

Na uunganishaji huo haukubuniwa na binadamu. Asili ilikuwa nao zamani. Mwaka 1961, katika Taasisi ya Pasteur mjini Paris, François Jacob na Jacques Monod walieleza jinsi E. coli anavyoamua kula laktosi, sukari iliyomo kwenye maziwa. Kuna protini inayokaa juu ya DNA na kuzuia jeni za kusaga laktosi zisisomwe. Laktosi ikiingia, sehemu yake hugeuzwa umbo kidogo, ikainasa protini ile, nayo ikabanduka kwenye DNA. Jeni zikasomeka, laktosi ikaliwa. Lakini kama kuna glukosi, sukari iliyo rahisi zaidi kutumia, bakteria humaliza glukosi kwanza na laktosi hairuhusiwi hata kuingia. Kazi hiyo iliwapa Tuzo ya Nobel mwaka 1965, pamoja na André Lwoff.

Januari 2000 makundi mawili nchini Marekani yalionyesha kwamba unaweza kupanga swichi za aina hiyo upendavyo. Timothy Gardner, Charles Cantor na James Collins waliunda bakteria mwenye jeni mbili zinazozimana, akabaki katika hali aliyowekwa hata baada ya ishara kuondolewa. Michael Elowitz na Stanislas Leibler wakaunganisha jeni tatu kwa mzunguko, bakteria wakawa wanawaka na kuzima kwa mapigo. Wengi huhesabu mwezi huo kuwa mwanzo wa fani hii.

Kazi ambayo mtu huisimamia kwa saa nyingi

Ili uone faida yake, inabidi uione kazi yenyewe. Tuseme mtaalamu wa maabara anataka kutengeneza Taq, kimeng'enya kinachotumika kwenye kipimo cha PCR, kile ambacho sote tulikizoea wakati wa UVIKO-19. Taq ilipatikana kwanza kwa bakteria wa chemchemi za maji moto huko Yellowstone, Marekani, na siku hizi jeni yake huwekwa ndani ya E. coli.

Jioni anapanda bakteria wachache kwenye mchuzi wa virutubishi. Asubuhi anauhamishia kwenye chupa kubwa yenye lita moja ya mchuzi mpya na kuiweka kwenye mashine inayotikisa, joto nyuzi 37. Mwanzoni mchuzi ni wa njano, mwanga unapenya upande hadi upande. Kisha unaanza kuwa na ukungu, na ukiuzungusha kwenye mwanga unaona mawimbi membamba yanayometa ndani yake. Hao ni bakteria kwa mabilioni. Kila nusu saa mtaalamu anachota mililita moja kwa pipeti na kuiweka kwenye mashine inayopima jinsi bakteria wanavyozuia mwanga. Anasubiri namba ya mashine ifike 0.6 hivi. Akiwahi, bakteria ni wachache mno na mavuno yatakuwa haba, akichelewa, wameshachoka. Ikifika, anamwaga kemikali iitwayo IPTG, ambayo hufungua jeni kama laktosi inavyofanya. Baada ya saa kadhaa anawakusanya bakteria kwa sentrifuji, mashine inayozungusha kwa kasi mpaka wazame chini, anawapasua, anatenganisha protini na uchafu.

Ukiwa na chupa moja, sawa. Ukiwa na chupa ishirini za bakteria tofauti, hakuna hata mbili zitakazofika 0.6 kwa wakati mmoja. Mtu anashinda siku nzima amesimama kwenye mashine ile, na usingizi wake wa usiku unategemea bakteria.

William Studier, wa maabara ya taifa ya Brookhaven huko New York, alichapisha mwaka 2005 njia iliyomwondoa mtu hapo. Hadithi yake naipenda. Bakteria wake walikuwa wakifungua jeni wenyewe bila kuambiwa, katika baadhi ya michuzi tu. Badala ya kulitupa tatizo pembeni, alilifuatilia mpaka akakuta chanzo: kirutubishi kimoja kilitengenezwa kwa protini ya maziwa, na ndani yake mlikuwa na mabaki kidogo ya laktosi. Kosa likawa chombo. Akatengeneza mchuzi wenye gramu 0.5 ya glukosi, gramu 2 za laktosi na gramu 5 za gliseroli kwa kila lita. Bakteria wanakula glukosi kwanza huku wakiongezeka. Glukosi ikiisha, na hiyo hutokea wakiwa tayari wamejaa, laktosi inaingia, swichi inafunguka, protini inaanza kutengenezwa, na gliseroli inawapa nguvu ya kuendelea. Unapanda jioni, unaenda nyumbani kulala, asubuhi unavuna. Chupa ishirini au mia, kila moja inafika kwa wakati wake bila mtu.

Kwa njia hii hakuna roboti iliyonunuliwa. Mashine zinazofanya kazi hiyo kwa mikono ya chuma zipo, nazo ni ghali na zinahitaji fundi na vipuri. Sukari hizo mbili na gliseroli zinapatikana popote kemikali za maabara zinapouzwa.

Kuchagua, kujipasua, kujiboresha

Kazi nyingine inayochosha ni kuchagua. Unapoingiza kipande cha DNA kwenye bakteria, wengi hawakipokei. Zamani ulilazimika kuwapima mmoja mmoja. Sasa jeni ya sumu, iitwayo ccdB, huwekwa mahali pale pale kipande chako kinapotakiwa kukaa. Kipande kikiingia, sumu inakatika na bakteria anaishi. Kisipoingia, sumu inatengenezwa na bakteria anakufa. Ukifungua kisahani cha kuoteshea bakteria kesho yake, waliobaki karibu wote ndio unaowataka.

Kuwapasua bakteria ni kazi ya kelele. Hutumika mashine za mawimbi ya sauti au za shinikizo kubwa, ambazo maabara nyingi hazina. Mwaka 2017 kundi la Jeff Hasty, Chuo Kikuu cha California San Diego, lilieleza bakteria wanaojipasua. Walipewa jeni ya kirusi cha bakteria kiitwacho lambda, inayotengeneza kimeng'enya cha kutoboa ukuta wa bakteria. Kwa kawaida kirusi huwa na protini ya pili inayofungua njia ya kuufikia ukuta huo. Hapa hiyo ya pili iliachwa, kwa hiyo kimeng'enya kinajikusanya ndani bila madhara. Ukiwagandisha bakteria na kuwayeyusha, utando wa ndani unapasuka, kimeng'enya kinaufikia ukuta, na kila kitu kinamwagika nje. Unachohitaji ni friza. Mwaka 2020 kundi la Michael Lynch, Chuo Kikuu cha Duke, liliongeza kimeng'enya cha kukatakata DNA, kwa sababu DNA ikimwagika huufanya mchuzi uwe mzito wenye kunata na usiochujika. Bakteria wao huanza matayarisho yote hayo wenyewe, fosfati inapopungua kwenye mchuzi.

Mfano wa mbali zaidi ni wa Harvard, uliochapishwa mwaka 2011 na Kevin Esvelt, Jacob Carlson na David Liu. Lengo lao lilikuwa kuboresha protini. Njia ya kawaida ni kutengeneza maelfu ya protini zenye tofauti ndogo ndogo, kuzipima, kuchukua bora, kurudia. Mzunguko mmoja unaweza kula wiki nzima. Wao waliikabidhi kazi hiyo kwa virusi vinavyoshambulia bakteria tu, viitwavyo faji. Faji huyu anahitaji protini moja, kwa jina pIII, ili watoto wake waweze kuambukiza. Waliichomoa jeni ya pIII kutoka kwenye faji na kuiweka ndani ya bakteria, ikiwa imefungwa. Inafunguliwa tu na protini unayotaka kuiboresha, ambayo jeni yake imebebwa na faji. Faji aliyebeba protini nzuri anapata pIII na kuzaa. Aliyebeba mbovu hazai. Chombo chenyewe kina bakteria wapya wanaoingia na wa zamani wanaotolewa muda wote, kwa kasi inayowashinda bakteria kugawanyika lakini isiyowashinda faji kuzaliana. Anayezembea anasombwa na maji. Mizunguko kadhaa ikapita kwa siku moja, na kazi ambayo protini yao haikuweza kabisa kuifanya mwanzoni ikapatikana katika muda usiofika wiki moja.

Ukisikia hivyo unaweza kuuliza: na mimi inanihusu nini? Kimeng'enya cha kurekebisha herufi moja ya DNA, kiitwacho ABE8e, kilipatikana kwa njia hii mwaka 2020. Mwaka 2021 watafiti waliripoti kwamba walitumia toleo lake kugeuza jeni ya selimundu, au sikoseli kama wengi tunavyouita ugonjwa huo, kuwa aina isiyo na madhara, katika seli za damu za wagonjwa na katika panya. Mzazi yeyote wa Mwanza, Kisumu au Kampala aliyelea mtoto mwenye maumivu yale anajua kwa nini habari hii ni kubwa. Bado kuna safari ndefu kutoka kwa panya hadi wodini, na gharama yake inatisha, lakini msingi ulijengwa na bakteria na faji ndani ya chombo cha kioo.

Yanayosemwa mitaani

Linalosemwa zaidi ni kwamba mtu akitumia dawa iliyotengenezwa na bakteria anaingiza bakteria hao mwilini. Hapana. Insulini, iwe imetoka kwa bakteria au kwa hamira, husafishwa hadi ibaki protini peke yake, na protini hiyo haina jeni ya kurithisha. Naliweka mbele kwa sababu lina madhara ya moja kwa moja: mgonjwa wa kisukari wa aina ya kwanza akiacha sindano kwa hofu hii, anaweza kufa katika siku chache.

La pili ni kwamba bakteria hawa wakitoroka watatumaliza. Aina inayotumika sana, K-12, ilichukuliwa kwa mgonjwa huko California mwaka 1922, na imelelewa maabara tangu wakati huo. Miongo yote hiyo ya kulishwa imeidhoofisha. Ikiwekwa tumboni hushindwa na bakteria wa asili. Tena mzigo wa jeni tulizoiongezea humpunguzia kasi. Wapo pia waliowekewa kizuizi cha makusudi. Mwaka 2015 makundi ya Harvard na Yale yalieleza E. coli asiyeweza kuishi bila kirutubishi ambacho hakipo popote duniani isipokuwa kinapotengenezwa na binadamu.

Lakini sitaki kumwambia mtu kwamba hakuna la kuangalia. DNA inayowekwa kwa bakteria wa maabara mara nyingi hubeba jeni ya kuhimili antibiotiki, kama ampisilini au kanamaisini, ili mtaalamu aweze kuwachuja. Bakteria wana tabia ya kupeana jeni. Hivyo taka za maabara zikimwagwa kwenye mtaro zikiwa hai, ni kosa la kweli, hasa kwetu ambako usugu wa dawa tayari unaua watu. Dawa yake inajulikana: kila kisahani na kila mchuzi hupikwa kwa mvuke wenye shinikizo, nyuzi 121, kwa dakika 15 au zaidi, kabla ya kutoka. Swali la maana kwa maabara yoyote ni kama mtungi wake wa mvuke unafanya kazi na nani anaukagua.

Kuhusu silaha: bakteria anayefungua jeni glukosi inapoisha hana cha kumfanya mtu. Elimu ya baiolojia inaweza kutumiwa vibaya, kama kemia inavyoweza, na ndiyo maana kampuni kubwa zinazouza DNA iliyoundwa huchunguza oda kabla ya kuituma. Hofu ielekezwe huko.

Kinachowashinda bakteria

Kuna jambo ambalo habari za kusisimua hazilitaji kabisa. Bakteria hawana uaminifu kwa mhandisi. Kila wanapogawanyika, makosa madogo hutokea kwenye DNA. Akizaliwa mmoja ambaye mzigo wako umeharibika, huyo anakua haraka kuliko wenzake, na baada ya siku kadhaa chombo kizima kinaweza kuwa chake. Ndiyo maana maabara huhifadhi mbegu halisi kwenye gliseroli, friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri, na kila kazi huanzia hapo upya. Umeme ukikatika siku tatu bila jenereta, miaka ya kazi inapotea. Na ndiyo maana wale wa Harvard walioboresha protini kwa faji waliwabadilisha bakteria muda wote. Hawakuwapa nafasi ya kugeuka.

Vilevile, bakteria hawasomi majibu, hawajui sampuli imechanganyika, hawatambui kwamba mchuzi umenuka tofauti leo. Kinachopungua ni saa za kusimama na kusubiri. Mtaalamu mwenyewe anabaki, na anahitaji elimu zaidi, kwa sababu mfumo unaojiendesha ukiharibika, huharibika kimya kimya.

Kwa upande wetu, mlango ulio wazi ni vimeng'enya. Mwaka 2020 dunia nzima iliposhindania vifaa vya PCR, nchi zinazoagiza kila kitu zilikaa mwisho wa foleni. Vimeng'enya hivyo husafirishwa kwa baridi kali, na mzigo ukikwama forodhani hadi barafu iishe, pesa imekwenda. Taq inatengenezwa kwa E. coli, mchuzi, joto na maarifa. Kwa mchuzi unaojiwasha na bakteria wanaojipasua kwenye friza, orodha ya mashine za lazima inafupika hadi kufikia kiwango ambacho maabara ya chuo kikuu cha kawaida inaweza kukimudu. Sielewi kwa nini jambo hili halipewi bajeti mbele ya miradi mingi inayopewa.

Sheria zipo. Mkataba wa Cartagena kuhusu usalama wa viumbe hai, ulioanza kutumika mwaka 2003, unatenganisha kiumbe anayetumika ndani ya chombo kilichofungwa na yule anayeachiwa katika mazingira. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2009 na mamlaka inayoisimamia. Tanzania ina kanuni za mwaka huo huo chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira. Mtu anayepinga mahindi ya GMO shambani ana hoja za kujadiliwa kuhusu mbegu, chavua na masoko, lakini hoja hizo hazihamishiki kwenye chupa ya lita moja iliyoko ndani ya chumba kilichofungwa. Kwa chupa hiyo, yenye haki ya kuulizwa ni mengine: ni bakteria wa aina gani, anabeba jeni zipi, anahimili dawa ipi, na mchuzi uliobaki unauawa wapi kabla haujamwagwa.